Imeungua Chini

Bibi hakuinywa kwanza. Alimimina matone machache kwenye kiganja cha kushoto, akasugua kwa cha kulia kama mtu anayepaka mafuta, akaviinua viganja vyote viwili hadi puani na kuvuta pumzi. Akasubiri kidogo. Akanusa tena. Mimi nilikuwa kwenye kigoda mbele yake, nje ya jiko lake pale Tura, nimepakata chupa ya wiski ya Uskoti iliyobaki robo, na moyo ulinidunda kama siku ya kutoka matokeo ya kidato cha nne.

"Imeungua chini," akasema. "Aliyepika hii hakukoroga."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki.

Chupa ile niliitoa Dar es Salaam. Rafiki yangu mmoja wa chuo, ambaye kaka yake hufanya kazi melini, alituita watu wanne kwake Sinza kusherehekea kukabidhi sura ya kwanza ya tasnifu yake. Wiski ilikuwa ya kisiwa cha Islay, magharibi mwa Uskoti, yenye umri wa miaka mitano tu, ya aina ile inayotengenezwa kwa kimea cha shayiri kitupu katika kiwanda kimoja. Mwenyeji wetu alitusomea kutoka kwenye simu mambo ambayo wataalamu wanasema yamo ndani yake: moto wa kuni ufukweni, lami, dawa ya hospitali, chumvi, limau, ngozi mpya. Tukawa tunayatafuta mmoja mmoja kwenye glasi, kila mtu akiogopa kuwa wa kwanza kukiri kwamba limau hajaiona. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Hii ni gongo."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi sikuwa natania. Nimelelewa Tura hadi darasa la nne, na ile harufu ya kwanza, kabla ulimi haujaguswa, ilikuwa harufu ya nguo za Bibi siku za Ijumaa.

Lazima nieleze kwa nini jambo dogo kama hilo lilinikosesha usingizi. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu sheria ya mwaka 1966 iliyodhibiti utengenezaji wa pombe ya kukenekwa nchini Tanzania, ile ambayo wenyewe tunaiita gongo, nipa, piwa au machozi ya simba, kutegemea umezaliwa wapi. Sheria yenyewe inaiita moshi, na hilo ndilo jina lake rasmi hata katika maandishi ya Kiingereza, kiasi kwamba msomaji wa nje anaweza kudhani imetungwa kwa ajili ya mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro. Nilikuwa nimeandika kurasa 40 kuhusu leseni, faini na vifungu. Msimamizi wangu alizirudisha na swali moja pembeni mwa ukurasa wa tatu: Pombe hii ilikuwa na ladha gani, na nani anasema?

Nilipanda treni ya zamani, ile ya reli nyembamba, nikiwa na chupa ndani ya begi, nimeifunga kwenye khanga mbili.

Tura ni stesheni ndogo kati ya Itigi na Tabora. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na watu wengi wanaopita hapa leo huamka tu pale treni inaposimama, wakanunua asali au kuku dirishani, wakalala tena. Lakini kabla ya reli jina hili lilikuwa kubwa. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Ugogo, ambako maji yalinunuliwa na hongo ililipwa kwa kila mtemi, kisha ukaingia Mgunda Mkali, pori kavu lenye miiba ambalo lilivukwa kwa siku nyingi mfululizo, watu wakiwa na mizigo ya takriban frasila mbili mabegani, karibu kilo 32. Ng'ambo ya pori hilo, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kilikuwa Tura. Richard Burton, aliyepita hapa na John Speke mwaka 1857 wakielekea Kaze, yaani Tabora, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni amri: weka mzigo chini. Anayejua Kiswahili halihitaji kufasiriwa. Tua.

Na walipotua, walikunywa. Burton, ambaye hakuwa mtu wa kusifu kitu chochote cha Waafrika kama angeweza kukikashifu, alieleza pombe ya huku kwa uangalifu wa mtu aliyekaa jikoni. Nusu ya nafaka, mtama au uwele au vyote viwili, inalowekwa au kufukiwa hadi ichipue. Inatwangwa, inachanganywa na nusu nyingine iliyosagwa, wakati mwingine na asali kidogo. Inachemshwa mara mbili au tatu kwenye vyungu vikubwa, inachujwa kwa mfuko wa ukindu, inaachwa ichachuke. Baada ya siku ya tatu inakuwa chungu kama siki.

Nafaka iliyochipua ndiyo kimea. Ndicho kitu kilekile ambacho Waskoti hufanya na shayiri, na ndicho kinachoipa wiski yao jina. Sisemi hivi ili kudai kwamba wiski ilitoka Unyamwezi. Hoja za namna hiyo zimejaa mitandaoni na zinanichosha. Nasema tu kwamba mwaka 1857, mwanamke wa Tura na mwanamume wa Islay wangeweza kukaa pamoja wakazungumza kazi hadi kufikia hatua ya chungu cha tatu, na wasipotezane njiani. Walichotofautiana ni kwamba mmoja alichukua pombe yake akaichemsha tena, akaunasa mvuke.

Mvuke wenyewe ulipita Tura ukiwa umefungwa kwenye chupa. Burton alisafiri na dazeni moja ya brandi, na aliagiza dazeni nne nyingine zimfuate. Stanley alipita Tura mwezi wa sita 1871, na miezi michache baadaye alifungua chupa ya shampeni mbele ya Livingstone kule Ujiji. Watu hukumbuka salamu zao. Mimi huwaza bega lililobeba shampeni ile kupita Mgunda Mkali, na aliyeibeba akatua akanywa mtama.

Turudi kwenye kiganja cha Bibi, maana hukumu yake ilinichukua muda kuielewa.

Islay haina miti mingi. Watu wake kwa karne nyingi waliwasha piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi, mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka, unaokatwa kama matofali na kuanikwa upate kukauka. Shayiri iliyochipua ilikaushwa juu ya moto huo, na moshi wake mzito ukanasa kwenye maganda. Kemikali zinazobeba harufu hiyo huitwa fenoli, na viwanda huzipima katika kimea kwa sehemu kwa milioni. Wiski nyingi hazina fenoli za kuhesabika. Zile zinazosifika kwa moshi huanzia kwenye kimea chenye sehemu 35, 50 au zaidi, na ipo moja, Octomore, inayopita 80. Moshi hupungua kadiri wiski inavyokaa kwenye pipa la mwaloni, ndiyo maana wapenzi wake huitafuta ingali changa, hata ikiwa na miaka mitatu tu, umri wa chini kabisa unaokubaliwa na sheria yao. Kiwanda cha Kilchoman, kilichoanza kupika mwaka 2005, kilitoa chupa yake ya kwanza mwaka 2009 ikiwa na umri huohuo wa mtoto wa chekechea, na watu waliigombania.

Kwa hiyo moshi wa Islay huingizwa makusudi, kabla ya pombe kuwapo. Kwa Bibi moshi una njia moja tu ya kuingia, nayo ni uzembe. Machicha mazito yakitua chini ya pipa na mpishi akawa anapiga soga, yanagandia, yanaungua, na harufu yake inapanda na mvuke hadi kwenye dumu. Mteja anajua. Mteja wa Tura hakusifii lami wala ngozi mpya. Anakwambia leo mama ulilala, na anataka kupunguziwa bei.

"Lakini bibi, huo moshi ndio wanaoulipia," nikamwambia. "Chupa hii bei yake ni zaidi ya laki mbili."

Aliitazama chupa, akanitazama mimi. "Mke mwenzangu, umeibiwa."

Hapo ndipo akainywa. Kidogo sana, akaiweka chini ya ulimi, macho yakiwa kwenye mwembe wa jirani. Akaitema. Akanywa tena, safari hii akameza.

"Kichwa katoa," akasema polepole. "Ile ya kwanza, inayouma macho, haimo. Huyo ni mtu anayejua. Ila mwishoni hakuwahi kuziba. Kaiacha itone mpaka imechoka. Hapa," akagusa kooni, "kuna maji ya mwisho."

Kila pombe ya kukenekwa ina sehemu tatu zinapotoka kwenye mrija. Ya kwanza ni kali na yenye sumu zaidi, ya mwisho ni nzito na ina harufu ya majani yaliyolowana, na kazi yote ya mpishi ni kujua dakika ya kuanza kukinga na dakika ya kuacha. Niliporudi chuoni nikasoma jinsi wiski ya moshi inavyotengenezwa. Fenoli nzito hazipandi mapema. Huja kuelekea mwisho, na wapishi wa Islay wanaotaka moshi mwingi huacha mrija wazi muda mrefu kuliko wenzao. Nilifunga kompyuta nikaenda kusimama dirishani. Mwanamke wa miaka 78 ambaye hajawahi kufika mbali zaidi ya Dodoma alikuwa ameusikia uamuzi wa mpishi wa kisiwa asichokijua, kwa vijiko viwili.

Sasa sheria.

Waafrika wa bara hili hawakukatazwa pombe kali kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa yalichora mistari miwili kwenye ramani, latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na kuwekea pombe kali vikwazo katikati ya mistari hiyo. Tanganyika ilikuwa katikati. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikwenda mbali zaidi: kutengeneza pombe ya kukenekwa kulipigwa marufuku karibu Afrika yote, isipokuwa pande za kaskazini na Afrika Kusini, na hata vyombo vyake vikadhibitiwa. Mzungu wa Tabora aliweza kuagiza wiski yake kihalali. Mnyamwezi aliyekutwa nayo alikuwa mhalifu, na marufuku hiyo ilidumu hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Lugha ya mikataba hiyo ilikuwa ya huruma, kana kwamba wanatulinda na moto, na ndani yake mna ukweli fulani, maana pombe kali za bei rahisi za Ulaya zilikuwa zimefanya madhara makubwa Afrika Magharibi. Lakini kinga ile iligawa watu kwa rangi, si kwa kiu.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya za Afrika Mashariki zilirithi marufuku na zikarithi pia wapishi, maana wakati huo gongo ilikuwa imeshafika kila mahali palipo na pipa na kipande cha bomba. Uganda ilitunga sheria ya enguli katikati ya miaka ya 1960: wapishi wa vijijini wapewe leseni, pombe yao inunuliwe, ikenekwe upya na kutiwa kwenye chupa. Matokeo yake ni Uganda Waragi, ambayo leo inauzwa viwanja vya ndege. Sheria yetu ya moshi ya mwaka 1966 nayo, ukiisoma kwa makini, si marufuku tupu. Inazungumzia leseni. Inawaza kwamba yupo mtu atakayepika kihalali. Lakini leseni ni kitu cha mjini, kinataka majengo na karatasi, na kilichofika Tura hakikuwa fomu ya maombi. Kilifika kifungu cha 30, kinachofanya kukutwa na moshi kuwa kosa.

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo ningeiandika hata kama hakuna shahada mwishoni. Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu pale Dar es Salaam kilichapisha, kuanzia mwaka 1967, muhtasari wa maamuzi ya Mahakama Kuu, aya mbili au tatu kila kesi. Kesi za moshi zinajirudia humo kama kwikwi. Na swali moja linajirudia ndani yake: shahidi alijuaje kwamba kilichokuwa kwenye chupa ni moshi? Mkemia alikuwa Dar es Salaam, na mshtakiwa na dumu lake walikuwa huku, siku mbili kwa treni. Kwa hiyo askari alisimama kizimbani na kusema amenusa, au ameonja. Na majaji, watu makini, wakauliza kuhusu uzoefu wake. Pua yake inaaminika kwa kipimo gani? Amewahi kukamata mara ngapi? Haitoshi kusema ni moshi, aeleze anajuaje.

Soma hapo polepole. Mahakama ilikuwa ikijadili kuonja. Ilikuwa imekubali kwamba ulimi uliofundishwa ni aina ya ushahidi, na kwamba zipo ndimi zisizofundishwa. Ni mjadala uleule tulioufanya Sinza na glasi mikononi, isipokuwa sisi tulicheza na wao walikuwa wakiamua mtu alale wapi usiku ule. Na katika chumba kile alikuwapo mtu mmoja ambaye uzoefu wake haukuwa na shaka, aliyeweza kukwambia imepikwa na nani, kwa machicha gani, na imeungua au haikuungua. Alikuwa kizimbani, upande wa mshtakiwa. Kila alichokijua kilikuwa kukiri kosa.

Bibi alifika huko mwaka 1986. Sitaitaja mahakama. Aliyemkamata alikuwa mteja wake, na hilo silisemi kwa uchungu, maana yeye mwenyewe hulisimulia akicheka: dumu la lita 20 lilitoka Tura limejaa, likafika mbele ya hakimu likiwa nusu. Askari aliulizwa anaijuaje pombe ile. Alisema anaijua kwa harufu na kwa kuonja, ana uzoefu wa miaka mingi.

"Hakusema uongo," Bibi huwa anasema hapo. "Alikuwa nao."

Alifungwa miezi mitatu kwa kukosa faini. Mama yangu alikuwa darasa la saba, mtoto wa kwanza kati ya watano. Hakufanya mtihani. Kuna mambo ambayo familia huyazungumza kwa kuyazunguka, kama watu wanavyozunguka shimo njiani bila kuangalia chini, na hili ni mojawapo. Mama anauza vitenge Tabora mjini, anahesabu kwa kichwa kuliko mashine yoyote, na kila nilipoleta ripoti ya shule aliisoma mara mbili, ya pili akiwa peke yake.

Bibi alipotoka alipumzika wiki mbili, kisha akapika. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa mtaro wa maji zaidi. Mrija wake wa shaba ulikuwa umechukuliwa kama kielelezo na ilibidi atafute mwingine, na shaba mbaya inaharibu kazi. Wanakijiji husema pombe ile iliitwa moshi kwa sababu ya kuni: inapikwa porini, na askari hufuata moshi juu ya miti. Yeye alipika usiku, kwa mninga mkavu usiotoa moshi mwingi, na alipima kila kipande. Tone kwenye kiganja. Kijiko kwenye moto, aone mwali ni wa bluu au una manjano. Chupa ikitikiswa, mapovu yake yakae au yapasuke. Waskoti nao walikuwa na njia zao za namna hiyo. Zamani pombe ililowesha baruti, ikiwaka imefaulu. Mwaka 1816 serikali yao ikachagua haidromita ya Bartholomew Sikes, chombo kinachoelea na kutoa namba, na kodi ikaanza kufuata namba.

Ulimi wa mpishi wa Uskoti nao uliwahi kufungiwa mlango. Baada ya sheria ya ushuru ya mwaka 1823, iliyowavuta wapishi wa magendo waje kwenye leseni, kila kiwanda kilitakiwa kuwa na kasha la vioo na shaba ambalo pombe hupitia ikitoka kwenye mtambo. Kasha lina kufuli. Kwa zaidi ya miaka 100 ufunguo ulikuwa kwa ofisa wa ushuru. Mpishi aliruhusiwa kuitazama, kuipima, kuitia maji aone kama inageuka ukungu, lakini si kuigusa wala kuionja. Nilipomweleza Bibi habari ya kasha lile alitikisa kichwa muda mrefu. "Unapikaje kitu usichokionja?" Halafu, baada ya kufikiri: "Lakini hawakufungwa?"

Hapana. Kabla ya hapo walifungwa, walikimbizwa milimani, mitambo yao ikavunjwa. Mwaka mmoja kabla ya sheria, mfalme George IV alizuru Edinburgh na kutaka wiski ya Glenlivet, ambayo yote ilikuwa ya magendo, na akapewa. Baada ya sheria walilipa ada, wakatundika vibao.

Sitaki mtu amalize kusoma hapa akidhani nalilia gongo. Babu yangu alikuwa mteja wa kwanza wa Bibi na hakuwahi kulipa. Alikufa na tumbo lililojaa maji, mimi nikiwa sijazaliwa. Nairobi, mwezi wa 11 mwaka 2000, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika siku chache, na waliopona wengine hawakuona tena. Sumu ile haikutokana na mkono wa mpishi kama Bibi bali na mfanyabiashara aliyetaka ukali wa bei nafuu, lakini mnywaji wa glasi hana njia ya kujua, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa upande wa serikali. Kenya iliijibu mwaka 2010 kwa kuihalalisha chang'aa, kwa masharti ya chupa na viwango ambavyo wapishi wengi hawakuvifikia. Sisi tulipiga marufuku viroba mwaka 2017 na gongo tukaiacha ilipokuwa.

Ninachokilalamikia ni kidogo zaidi na kwangu ni kikubwa. Asali ya misitu hii ya miombo ina harufu ya moshi, kwa sababu warinaji hufukuza nyuki kwa moto, na wanunuzi huishusha daraja kwa hilo. Tumbaku ya Tabora hukaushwa kwenye mabani kwa kuni za misitu hiyohiyo, na kuna mtu mwenye koti jeupe anayepita kati ya marobota akinusa na kuandika daraja, na mkulima anasubiri kalamu yake. Huku tumezoea kuhukumiwa kwa pua za watu wengine. Nilikuwa nimeandika kurasa 40 kuhusu pombe ya Tura, nikanukuu askari, wabunge, majaji na wasafiri, na katika kurasa zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyeipika.

Kwa hiyo nilimwomba. Nilimwambia nataka kuandika anachokijua, bila jina, bila kitongoji. Nilimweleza kuhusu fomu ya ridhaa ambayo chuo kinanitaka nimsomee, na nikaanza kuisoma, na nikafika mahali pasemapo kwamba taarifa zako hazitatumika dhidi yako. Nikasita, kwa sababu sijui kama ni mimi wa kuahidi hilo. Ameacha kupika tangu mwaka niliomaliza shahada ya kwanza. Alisema ada imeisha, na miguu. Lakini kila sentensi atakayoniambia ni kifungu cha 30.

Alikuwa ameshika kile kifuniko cha chupa, anakizungusha kati ya vidole, anakinusa kila kikizunguka.

"Andika," akasema. "Mimi nilishafungwa, watanifunga mara ngapi? Ila uandike vizuri. Uandike kwamba yangu ilikuwa haiungui."

Nikaandika. Akanieleza kuanzia kimea: mtama mwekundu, si mweupe, siku tatu kwenye gunia lililolowa, mpaka mzizi uwe urefu wa kucha. Kiza kilipoingia tulihamia ndani. Mara mbili alinisahihisha tahajia ya neno la Kinyamwezi, yeye ambaye shule alifika darasa la pili, kwa kulitamka pole pole hadi nilipolipata. Wiski iliyobaki alimpa jirani mwenye mafua, akamwambia ni dawa ya Wazungu, imeungua kidogo lakini inafaa. Chupa akaibakiza kwa ajili ya asali.